Tunatupa tani za maganda, jirani anachoma kuni: tuanzie wapi?

Swali: Mimi ni meneja wa uzalishaji katika kiwanda cha juisi mkoani Pwani, Tanzania. Eneo letu lina viwanda kumi na vinne. Mwezi uliopita mwenye eneo alituita kwenye semina, tukaonyeshwa mchoro wa mji wa Kalundborg, Denmark, ambako viwanda vinapeana mvuke, maji na mabaki. Sasa anataka kila kiwanda kichangie fedha za kumlipa mshauri atuchoree mfumo kama ule. Sisi tunatoa maganda na makapi ya maembe na mananasi, na msimu ukikolea yanafika tani kumi na mbili kwa siku. Tunalipa gari kuyapeleka dampo. Jirani yetu anatia rangi nguo na boila lake linakula kuni. Je, mambo haya yanawezekana kwetu, au ni ya Ulaya? Tuanzie wapi?

Jibu: Ndugu yangu, yanawezekana, na katika eneo lenu yameshaanza bila semina wala mshauri. Nasema hivyo kabla ya kufika hapo kwa sababu sijapata kuona eneo la viwanda Afrika Mashariki ambamo kila kinachobaki kinaishia dampo. Maboksi yaliyochanika yana mtu wake, chuma chakavu kina mtu wake, mapipa matupu yana mtu wake. Machicha ya bia yamelisha ng'ombe wa maziwa Dar es Salaam na Kiambu miaka nenda rudi, na wafugaji hawakusubiri mtu awachoree mfumo. Kazi iliyo mbele yenu ni kukiona kilichopo, kukipima, kukiandikia mkataba, kisha kuongeza mawili matatu ambayo bado hayajapata mtu.

Tuanze na huo mchoro, maana umewatisha bure. Mishale ile ilichorwa mwishoni, kazi ikiwa imeshafanyika. Mwaka 1961 kiwanda cha kusafisha mafuta pale Kalundborg kilihitaji maji, na ya chini ya ardhi yalikuwa haba, kwa hiyo bomba likavutwa kutoka ziwa Tissø. Mwaka 1972 kiwanda cha bodi za jipsamu kikaanza kununua gesi ya ziada ya kiwanda cha mafuta, ambayo bila hivyo ingeteketea kwenye mnara wa moto. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kituo cha umeme cha makaa kikaanza kuuza mvuke kwa majirani. Ilipofika 1993 kituo hichohicho kilikuwa kinasafisha moshi wake kwa chokaa, kinapata jipsamu, na kuipeleka kwenye bodi zilezile. Kila bomba lilikuwa mkataba wa watu wawili, na kila mkataba ulibidi ujilipe wenyewe. Mji ni mdogo, mameneja walijuana. Jina la kitaalamu la kupeana huko, "industrial symbiosis", lilikuja mwishoni mwa miaka ya 1980, karibu miaka thelathini baada ya bomba la kwanza. Kwa hiyo mkimlipa mtu awachoree kwanza mishale kumi na minne, mtakuwa mmeanzia walikomalizia.

Mfano unaowafaa zaidi uko India. Nanjangud ni eneo la viwanda karibu na mji wa Mysore: viwanda vya kati vya sukari, kahawa, nguo, dawa na vingine, barabara za vumbi, malori, hali mnayoifahamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzao wa India walipita kiwanda kwa kiwanda wakiuliza kila kinachobaki kinakwenda wapi. Matokeo yao yalitoka mwaka 2010: zaidi ya asilimia 99 ya mabaki kwa uzito yalikuwa yanatumika tena au kurejelezwa. Sehemu kubwa ya uzito huo ni ya kiwanda kimoja cha sukari kinachochoma makapi ya miwa kupata nishati yake, hilo ni kweli, lakini kilichonigusa ni yale yaliyosalia. Yalipita mikononi mwa wanunuzi wadogo: madalali wa chakavu, wakulima, wenye malori. Mtandao ulikuwepo, ila haukuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

Ndiyo maana ukiniuliza muanzie wapi, nakwambia getini. Chukua daftari la mistari, siyo kompyuta, umpe mtu mmoja makini akae na mlinzi kwa wiki mbili. Aandike kila kinachotoka ambacho si bidhaa: ni nini, kimepimwa au kimekadiriwa uzito gani, kimelowa au kikavu, nani amekichukua, amelipa au amelipwa, na shilingi ngapi. Waombe majirani watatu au wanne unaoelewana nao wafanye vivyo hivyo kwa wiki hizohizo. Wote kumi na wanne hawahitajiki.

Nimefanya kazi hii ya daftari kwa mikono yangu. Kiwanda kimoja nilichokaa getini siku tisa, ofisi iliamini maranda yake ya mbao yanakwenda dampo, na ilikuwa inalipia gari kila Ijumaa. Daftari likaonyesha kwamba gari lile halikufika dampo hata siku moja. Dereva alikuwa anashusha kwa wafuga kuku barabarani, magunia yanahesabiwa, fedha zinapokelewa. Kiwanda kinalipa kutoa, mfugaji analipa kupokea, na aliye katikati anakula pande zote mbili. Meneja alitaka kumfukuza dereva siku ileile. Nilimsihi asifanye hivyo, maana dereva ndiye pekee katika kiwanda kizima aliyekuwa na orodha ya wateja kichwani. Walimpa kazi ya kuuza maranda kwa kamisheni, na gharama ya Ijumaa ikafutika.

Sasa maganda yako. Hapa ndipo penye mengi, na ndipo watu wengi wanapokosea, kwa sababu macho yanakimbilia boila la jirani: mimi nina taka, yeye ana moto, basi tumemaliza. Lakini maganda mabichi ya nanasi na embe, zaidi ya robo tatu ya uzito wake ni maji. Katika tani zako kumi na mbili, tisa au zaidi ni maji. Ukiyatupia kwenye tanuri, moto unafanya kwanza kazi ya kuchemsha maji hayo mpaka yaishe ndipo upate joto la maana, na katika boila la kuni la kawaida moto utafifia, moshi utajaa, na fundi wa boila atakuchukia. Kuyaanika nako ni taabu: yana sukari, nzi wanajaa, na kufikia siku ya pili yameanza kuchacha. Usimpeleke jirani yako huko.

Lakini embe lina kitu cha pili ndani yake. Nenda pale mashine ya kutoa nyama ya embe inapotemea, uangalie. Maganda na kokwa vinatoka pamoja, vinaanguka kwenye toroli moja, na tangu hapo vinaitwa taka. Kokwa ni mbao. Likioshwa kidogo, likapasuliwa au kupondwa, na kutandazwa juani kwenye sakafu ya saruji, linakauka na linawaka vizuri. Ganda ni chakula cha ng'ombe. Ukivitenganisha palepale kwenye mashine, kwa wavu na mtu mmoja wa zamu, una vitu viwili vyenye wateja wawili. Ukiviacha vichanganyike, una kitu kimoja ambacho hata dampo hawakitaki. Nimeona fedha nyingi zaidi zikipatikana kwa kutenganisha vitu mapema kuliko kwa mtambo wowote wa kisasa, na hilo halihitaji mkopo wa benki.

Maganda ya mananasi kwa ng'ombe si jambo la kubahatisha. Wafugaji wa Thailand walio karibu na viwanda vya makopo wanayatumia kwa wingi. Shida ni tatu. Yanaoza haraka, hivyo mfugaji lazima awe karibu au ayavundike: shimo lililotandikwa nailoni, maganda yaliyochanganywa na mabua makavu ya mahindi au pumba, yanashindiliwa hewa itoke, yanafunikwa, yanakuwa saileji. Yana tindikali, hivyo ng'ombe hapewi hayo peke yake bila majani. Na ya tatu ndiyo itakayokuvunjia jina: nailoni. Kipande cha mfuko, kamba ya gunia, glovu ya mfanyakazi. Ng'ombe akila vitu hivyo vinajikusanya tumboni mpaka anakufa, na mfugaji hatasahau vilitoka getini kwa nani. Weka pipa jekundu la kutupia plastiki kila kituo cha kazi kabla hujamtafuta mfugaji wa kwanza.

Bei je? Leo unalipa ili yatolewe. Mtu akiyachukua bure, tayari umeokoa fedha za gari. Usianze kwa kuuza ghali. Nimeona mikataba mizuri ikifa kwa sababu aliyekuwa anatupa jana, leo akisikia kuna mteja anataka bei ya malighafi. Mfugaji analipia usafiri, anachimba shimo, anabadili lishe ya ng'ombe wake, yote kwa kukutegemea. Mpe msimu wa kwanza kwa bei ndogo lakini ya kuandikwa, kwa kilo, kupitia mizani, na risiti ya EFD, ile mashine ya kodi. Hata shilingi chache kwa kilo zinatosha, kwa sababu kinachopimwa na kulipiwa hutunzwa, cha bure humwagwa njiani. Msimu wa pili mtazungumza.

Mkonge ni somo letu wenyewe la jinsi mali inavyojificha ndani ya taka. Katika jani la mkonge, nyuzi tunazosafirisha nje ni kama asilimia nne tu ya uzito. Kwa miaka mingi kilichobaki kilitoka kwenye korona, mashine ya kutoa nyuzi kwenye jani, kama uji wa kijani na kutiririshwa mtoni. Kule Hale, Tanga, kampuni ya Katani, ikisaidiwa na shirika la UNIDO, ilijenga mtambo wa kutoa gesi kutoka kwenye uji huohuo na kuendesha jenereta ya umeme. Ninautaja kwa sababu hakikuanza kitu kigeni hata kimoja pale. Uji ulikuwepo, mahitaji ya umeme yalikuwepo, umbali ulikuwa hatua chache. Maganda yako nayo yanafaa kwa gesi, lakini usikimbilie huko mwaka huu. Mtambo wa gesi unataka kulishwa kila siku, Januari mpaka Desemba, na wewe una msimu.

Turudi kwa jirani mtia rangi. Anachoweza kukupa si kuni bali joto. Maji yake yanatoka kwenye mashine za rangi yakiwa ya moto sana na anayamwaga hivyohivyo, wakati wewe unachemsha maji ya kuoshea matunda, chupa na sakafu. Joto linaweza kuvuka ukuta bila maji kuvuka: bomba lake la moto linapita ndani ya kifaa cha kubadilishana joto, maji yako safi yanapita upande wa pili wa bamba la chuma, hayaonani. Maji yake yenyewe yasikaribie kiwanda cha chakula kamwe, hata akikwambia yamesafishwa. Na kama boila lake lina nguvu ya ziada, anaweza kukuuzia mvuke, ilimradi mnapakana. Mvuke haupendi safari; kila mita ya bomba ni joto linalopotea na fedha za kulifunika. Mkiwa mmetenganishwa na barabara na viwanja vinne, sahau.

Mkifika kwenye mkataba wa mvuke, swali la kwanza lisiwe bei. Liwe hili: siku boila likizimika saa nane usiku na tani zako za embe zimeshamenywa, nani anafanya nini? Usiuze boila lako la zamani.

Hilo linanipeleka kwenye jambo linaloniuma. Kampuni ya sukari ya Mumias, magharibi mwa Kenya, ilikuwa fahari yetu katika mambo haya. Makapi ya miwa yalizalisha umeme, mwingine ukiuzwa kwenye gridi ya taifa, na molasi ikatengenezwa ethanoli. Kila kitu kilishikana, na kila kitu kilining'inia kwenye kinu kimoja cha sukari na miwa ya wakulima wasiolipwa kwa wakati. Kinu kilipoyumba, umeme ukazima na ethanoli ikakauka, na mwaka 2019 kampuni ikawekwa chini ya meneja mrasimu, yaani msimamizi wa mali za kampuni iliyoshindwa kulipa madeni. Linganisha na Guigang, kusini mwa China, ambako kundi la kampuni la Guitang liliunganisha sukari, karatasi kutokana na makapi, pombe kutokana na molasi, na mbolea kutokana na mabaki ya pombe inayorudi kwenye mashamba ya miwa. Makapi yao wenyewe hayakutosha, wakanunua ya viwanda vingine vya jirani. Kamba yao ilikuwa na mafundo mengi. Nanyi, kabla ya kumtegemea jirani mmoja, ulizeni akifunga mlango mtapata wapi kwingine.

Kuna mambo ambayo kiwanda kimoja hakiyawezi na hapo ndipo mwenye eneo anahitajika kweli. Kubwa ni majitaka. Naroda, Ahmedabad, India, ni eneo la viwanda vya kemikali na rangi lililoanza mwaka 1964. Viwanda vidogo vingi pale visingemudu mtambo wake kila kimoja, kwa hiyo vina mtambo wa pamoja. Hawassa, Ethiopia, eneo la nguo lililofunguliwa 2016, mtambo ulijengwa pamoja na eneo: maji ya viwanda yanasafishwa na kurudishwa viwandani badala ya kumwagwa ziwani. Si wa bei rahisi, maana mtambo huo unakula umeme na unabakisha chumvi ya kutunzwa. Lakini anayeona ni ghali aangalie Tirupur, kusini mwa India. Wenye viwanda vya kutia rangi walichelewa mpaka mto Noyyal ukaharibika na wakulima wakaenda mahakamani. Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru vifungwe, mamia ya viwanda kwa mpigo, na vibarua wakarudi vijijini. Jirani yako mtia rangi aisikie habari hiyo.

Na sasa nakuomba unisikilize kwa makini, kwa sababu si kila kinachoitwa malighafi kinafaa kuvuka geti. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari kutoa madini ya risasi (ledi). Kwa mchoro wa mishale ulikuwa mfano bora: taka inaingia, madini yanatoka. Watoto wa mtaa ule walibeba risasi katika damu yao. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi pale na ambaye mwanawe mwenyewe aliugua, aliongoza mapambano ya wakazi, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hakuna fedha inayomrudishia mtoto afya yake.

Kwenu hatari iko kwenye mapipa. Pipa la bluu la lita 200 lililobeba kemikali za rangi linauzwa getini, na wiki hiyohiyo linakinga maji ya mvua nyumbani kwa mtu, watoto wanachota kikombe. Nimeyaona yakiwa bado na lebo ya fuvu upande mmoja. Mapipa hayo yarudi kwa muuza kemikali au yatobolewe kabla ya kutoka. Oili chafu, tope la mtambo wa rangi, betri na taa za mirija vinaangukia kwenye taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za 2021, na anayevichukua lazima awe na kibali. Wapigieni NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, kabla, siyo baada.

Umeuliza habari ya watu wadogo wanaookota hapo kwenu? Hukuuliza, lakini nitakujibu. Mkianza kupanga, kishawishi kitakuwa kumpa mzabuni mmoja mkubwa kila kitu. Yule kijana wa maboksi mwenye mkokoteni ataondolewa na barua. Msifanye hivyo. Yeye ndiye anayejua karatasi gani inakubalika na ipi imelowa, na Nanjangud yote ilisimama juu ya watu wa namna yake. Mpeni kitambulisho, glovu, muda maalumu wa kuingia, na mizani ya haki.

Kuhusu mchango wa mshauri, mwambie mwenye eneo bado. Fedha hizo zinunue mizani ya pamoja ya malori getini, zilipie vipimo vya maabara vya maganda na maji ya moto ya jirani, na zimlipe yule mtu wa daftari. Mshauri mzuri akija baada ya hapo atafanya kwa wiki moja yale ambayo angeyafanya kwa miezi mitatu, na mtakuwa na uwezo wa kumbishia.

Maembe ya Pwani yataanza kumiminika Novemba. Shimo la saileji huchukua siku chache kuchimbwa, lakini kumpata mfugaji anayeaminika, akalionja ganda lako kwa ng'ombe wawili kwanza, huchukua miezi. Mtafute sasa, wakati mananasi bado yapo.